Digidigi Aliyekimbia Ushuru wa Asali

Paukwa!

Pakawa!

Mmeketi?

Tumeketi!

Basi ketini vizuri zaidi, maana mwenye hadithi hii hakuketi hata siku moja.

Hapo kale, kale na kale, Digidigi na mkewe walikuwa na kibanda cha asali katika soko la wanyama. Asali walinunua kwa Nyegere, wakaiweka katika mtungi mkubwa alioacha mama yake Digidigi, kisha wakaiuza kibuyu kibuyu. Mtungi ule ndio uliokuwa duka. Bila mtungi hakuna asali, na bila asali watoto hawali.

Sheria ya soko lile ilikuwa nyepesi. Kila mwaka Korongo, mtoza ushuru, alipita kibanda hadi kibanda. Ukipata faida ya simbi kumi, maana simbi ndizo zilizokuwa fedha zao, unatoa moja ya kuchimbia visima. Usipopata faida, hutoi kitu. Lakini uonyeshe hesabu! Asiyeonyesha hesabu hukadiriwa kwa macho ya Korongo, na asiyelipa alichokadiriwa hunyang'anywa chombo chake cha kazi.

Sasa Digidigi hesabu hakuwa nayo. Akiuza, anasahau. Akikopesha, anasahau. Akilamba mwenyewe, hilo ndilo alilolisahau upesi kuliko yote. Na kwa kuwa hakujua anadaiwa nini, alijiona anadaiwa kila kitu. Hakula akashiba, hakulala akapumzika. Masikio yake yalizunguka tu.

Siku moja akaona shingo ndefu inakuja. Akaimba:

*Shingo ndefu yaja, yaja,*
*Mguu wangu niponye!*

"Baba watoto, kaa!" mkewe akamwita. "Yule anauliza tu, hang'ati."

Thubutu! Digidigi alikwishafika mtoni. Mkewe akatoka kumtafuta, mtungi ukabaki wazi, siafu wakaingia. Asali ya vibuyu sita ikaenda. Korongo akakuta kibanda kitupu, akapita, akisema atarudi mwaka huo huo.

Mara ya pili shingo ndefu ikaja.

*Shingo ndefu yaja, yaja,*
*Mguu wangu niponye!*

Safari hii Digidigi hakukimbia. Alijilaza mkekani, akajifunika gubigubi.

"Lia," akamwambia mkewe. "Sema nimekufa. Maiti hatoi ushuru."

"Nilie kwa ajili ya ushuru tusioujua hata ni kiasi gani?"

"Lia, mke wangu, nakuomba!"

Akalia. Lo! Desturi ya soko lile, kilio kikisikika, wote hufunga vibanda wakaja kukaa matanga, na mfiwa huwalisha. Wakaja Fisi na wanawe, Nyani na shemeji zake, Ngiri na ukoo mzima. Wakalia kidogo, wakala sana. Vibuyu kumi na vinne! Korongo naye akaja, akatoa rambirambi, akasimama kwa mguu mmoja akiwatazama walaji.

Matanga yalipoanuliwa, maiti akainuka kutafuta chakula. Mnacheka? Soko zima lilimwona, na Korongo akaambiwa.

Mara ya tatu shingo ndefu ikaja.

*Shingo ndefu yaja, yaja,*
*Mguu wangu niponye!*

Digidigi akabeba mtungi, mke na watoto, akahamia ndani ya kichaka cha miiba. Kweli Korongo hakuingia. Na wateja je? Nao hawakuingia.

Korongo akapiga ngoma sokoni. "Digidigi nimemfuata mara tatu, hesabu sijaiona. Sasa namkadiria. Anayelisha walaji hamsini asali tupu ni tajiri. Atoe simbi thelathini. Mwenye pingamizi aje na hesabu ndani ya siku saba."

Ngoma ile haikufika kichakani.

Siku ya nane Nyegere, anayewauzia asali, ndiye aliyewafuata miibani akawapa habari. Mke wa Digidigi alikasirika, akamshika mumewe sikio. "Leo utakaa!"

Akaleta kunde na mahindi. Kila simbi iliyoingia dukani, kunde moja. Kila simbi iliyotoka, punje moja ya hindi. Nyegere akataja alichowauzia, maana yeye huchora alama kwenye gome, na mke akawakumbuka wanunuzi mmoja mmoja. Wakahesabu mwaka mzima, hadi ile siku ya kwanza Korongo alipokuja.

Kunde hamsini na tisa. Mahindi sitini.

"Faida hatukupata," mke akasema polepole.

"Yaani?"

"Yaani siku ile ulipokimbilia mtoni, ulikuwa hudaiwi hata simbi moja."

Digidigi akatoka mbio, na leo mbio zake zilimwelekea Korongo. Akamwaga kunde na mahindi miguuni pake. Korongo akahesabu, akarudia.

"Ni kweli," akasema. "Ungenionyesha siku ya kwanza, ningekuaga nikaenda zangu."

"Basi nisamehe, mzee wangu!"

"Siku saba zimekwisha jana. Nikikusamehe wewe, kesho soko zima litajificha miibani."

Simbi thelathini Digidigi angezitoa wapi? Korongo akaenda naye kichakani, akauchukua mtungi. Hakufurahi, lakini aliuchukua. Watoto wakauliza watakula nini.

Hapo ndipo Digidigi aliposimama tuli kwa mara ya kwanza maishani mwake, akilia mpaka machozi yakamwachia doa jeusi chini ya kila jicho. Mtazameni, analo hadi leo. Mkewe akaja akasimama kando yake. Hadi leo huonekana wawili wawili, maana tangu siku ile mama yule hamwachi peke yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza langu: anayeogopa hesabu yake mwenyewe atalipa hesabu ya kukadiriwa na mwingine.

Hapo hadithi imekunja mkeka wake. Ikiwakaa, ni yenu. Isipowakaa, nirudishieni, nina wengine wa kuwapa. Na wewe mwenye genge unayechungulia mlangoni, nenda kahesabu!