Tasnifu ya Mpishi Mkude

Profesa Lukinda, mkuu wa chuo, alimwita mpishi Mkude ofisini.

"Kuanzia Jumatatu, asiye na shahada hafanyi kazi hapa."

"Hata wa kukoroga uji, Profesa?"

"Hata huyo. Walau uzamili, ubobee katika jambo moja."

"Na uzamivu je?"

"Huo si saizi yako, bwana. Unagundua jambo ambalo wataalamu hawalijui, kisha unalitetea mbele ya baraza la chuo."

Jumatatu Mkude alirudi na daftari.

"Shikamoo, Profesa. Tasnifu ya uzamivu iko tayari."

Profesa alicheka. "Mada?"

"Safari za Mbuzi Tisa wa Wanafunzi kutoka Jikoni hadi Nyumbani kwa Mkuu wa Chuo. Baraza linakutana lini?"

Profesa alifunga mlango.

"Umefaulu," alinong'ona. "Rudi jikoni, Daktari."