Nguchiro na Kichuguu Kinachopumua

Hapo zamani za kale, kale kweli, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na kwenda chuo kikuu... Wewe Siwema, unacheka nini? Ndiyo, chuo kikuu! Na hakuna aliyehitimu mpaka aandike makala ya utafiti yenye jina lake juu.

Basi palikuwa na wanafunzi watatu: Kiboko, Nyati na Nguchiro. Profesa wao, Mama Kakakuona, akawapa kazi moja. Wachunguze kwa nini ndani ya kichuguu cha mchwa hakuna joto, hata jua likiwaka namna gani.

"Tugawane kazi," akasema Kiboko. "Mimi nitasimamia. Nyati atanisaidia kusimamia. Nguchiro, wewe fanya."

Nguchiro akafanya. Siku arobaini, wanangu! Kila asubuhi na kila adhuhuri alijipenyeza, nywii! katika tundu lenye upana wa kiganja, akatambaa kwa tumbo huku mchwa wakimng'ata masikio. Humo akatundika uzi wenye kipande cha sufi, akakaa kimya akikitazama.

Mungu wangu! Asubuhi ile sufi ilishuka polepole, ikaelekea chini. Adhuhuri ikainuka, ikaelekea juu. Kesho yake vilevile, na kesho yake tena. Mwili wa Nguchiro ukasisimka, machozi yakamtoka.

"Jamani, kinapumua!" akanong'ona peke yake. "Udongo wote huu unapumua! Asubuhi unavuta ubaridi, adhuhuri unatoa joto!"

Kila pumzi akaiandika daftarini. Akachora, akahesabu, akaandika makala ya kurasa kumi na mbili, akawapelekea wenzake.

Kiboko hakufungua hata ukurasa wa pili. Aliangalia majina tu.

"Mbona na wewe umo?"

"Kaka Kiboko, si mimi niliye..."

"Majina matatu yanajaza karatasi," Nyati akakoroma. "Futa lako. Ukikataa tunakukanyaga papa hapa."

Nguchiro akalitazama jina lake pale juu. Bila jina hahitimu, na mama yake alishawatangazia majirani wote. Zaidi ya hayo, zile pumzi za kichuguu zingekuwa mali ya watu ambao hawakuziona hata moja. Je, alilia? Alilia, kidogo. Kisha akapangusa macho, akatabasamu.

"Sawa, kaka zangu. Tena nimewakosea. Humu ndani kila mahali nimeandika 'Nguchiro aliingia'. Jopo la watahini litasemaje? Nibadilishe, niandike 'Kiboko aliingia'?"

"Sasa umeanza kupata akili!" Kiboko akachekelea. "Andika. Tena ongeza 'kwa ujasiri'."

"Na mimi je?" akauliza Nyati.

"Wewe ulishika uzi, kaka."

Siku ya kutetea makala ikafika. Ukumbi ulijaa pomoni. Mama Kakakuona akavaa miwani, akafungua ukurasa wa tano, akasoma kwa sauti: "'Kiboko aliingia kwa ujasiri, akitambaa kwa tumbo, katika tundu lenye upana wa kiganja.'"

Profesa akamtazama Kiboko kuanzia pua mpaka mkia.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, Profesa."

"Uliingia mara ngapi?"

"Mara themanini!"

"Hongera sana. Twende basi ukarudie. Unajua hapa hatugongi muhuri mpaka utafiti urudiwe tukiona kwa macho yetu."

Lo! Kiboko jasho likamtoka. Wakaenda wote mpaka kichuguuni. Kiboko akachomeka pua tunduni, tundu moja la pua likaingia, basi. Mchwa nao wakamvamia. "Chyaaa! Nisukume, Nyati!"

Nyati akarudi nyuma, akainamisha pembe, akaja mbio, gudu gudu gudu!

"Acheni!" Nguchiro akaruka mbele yake na kusimama. "Mtakivunja! Kinapumua hiki, hamjui? Hamkusoma?"

Nyati akasimama ghafla, vumbi likatimka.

"Hayo ya kupumua yako ukurasa gani?" Mama Kakakuona akamuuliza Kiboko.

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake.

"Wa tisa, Profesa," akasema Nguchiro.

"Ingia, mwanangu."

Nywii! Akazama. Punde akachomoza katika tundu la juu kabisa, akatundika sufi yake pale mlangoni. Jua lilikuwa la utosi, majani hayatikisiki, upepo hakuna. Na sufi ikainuka. Taratibu, taratibu, ikainuka!

Tembo akavua kofia. Twiga akasahau kutafuna. Chuo kizima kilisimama pale kikiitazama. Mama Kakakuona, mla mchwa tangu utotoni, akakaa chini pwata!

"Nimebomoa vichuguu vingapi mimi," akasema, "na sikuwahi kusimama nikakisikiliza hata kimoja."

Akachukua kalamu, akafuta majina mawili, kisha akampa Nguchiro kalamu hiyo. Nguchiro akaandika jina lake mwenyewe. Kiboko na Nyati wakarudishwa mwaka wa kwanza, wakae mstari wa mbele.

Nami nimemaliza, na ninachowaambia ni hiki: usitie jina lako kwenye kazi usiyoifanya, maana siku moja utaambiwa uirudie.