Tiketi za Majiko ya Kabibi

Wahenga walijua kuwa kitu kilichoviringika mvunguni hakimfuati mtu kitandani. Asiyetaka kupiga magoti atalala bila kukipata. Kama mnabisha, muulizeni Kabibi.

Vita vilipopamba moto kwao Fizi, nchini Kongo, mwaka wa tisini na nane, Kabibi aliponea chupuchupu. Alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, na mpwa wake Mathilde, na mikono inayojua udongo. Njiani kila kizuizi cha askari kilimpokonya kitu: cha kwanza mbuzi, cha pili pete ya ndoa. Akaapa hatamlipa tena mtu yeyote anayesimama njiani, na kiapo hicho alimrudia kila mtu kambini.

Sokoni akauza majiko ya udongo uliochanganywa na majivu. Lo, yalikuwa majiko! Maharagwe yaliyokuwa yakila makopo matatu ya makaa sasa yaliiva kwa moja. Moshi ukapungua kambini, magunia ya makaa kutoka mlima wa jirani yakadoda, na Bwana Chisale, mkusanya ushuru wa halmashauri, akanuna. Kila gunia lililouzwa lilikatiwa tiketi ya ushuru, na tiketi hizo ndizo zilizomlipa mshahara.

"Amai Kabibi, Ijumaa uondoe meza," alisema kwa haya, maana hakuwa mtu mbaya. "Makaa hayanunuliwi, ofisini hela hakuna. Miezi miwili sijalipwa."

Kabibi akawaka. "Basi miti ya mlima iishe juu ya mushahara yako? Ikiisha, we utaandika tiketi ya nini?"

Chisale akautazama mlima. Ulikuwa umebaki na miti ya kuhesabika.

"Najua, amai. Lakini watoto wangu hawali miti."

Jibu hilo lilimchoma Kabibi, kwani Mathilde naye hakula miti. Dawa aliijua, nayo ilikuwa chungu kama shubiri. Siku tatu aliizungukazunguka.

Ijumaa Chisale alimkuta amepanga mezani majiko kumi na mawili, mbabula kama alivyoyaita, noti za kwacha kiganjani.

"Andika," Kabibi alisema. "Kila mbabula na tiketi yake. Ofisi ipate yake bila kumaliza miti. Lakini meza haitoke."

"Si uliapa, amai?"

"Niliapa. Pale kwa bariyeri balininyang'anya. Leo ni mi njo ninatoa."

Meza ilikuwa imejaa, basi Chisale akachuchumaa, akaandikia gotini. Kila tiketi alipoikata, alisema, "Zikomo," yaani asante. Kabibi akainama kuzipokea, machozi yakimtiririka, na meza yake ikabaki. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.