Visigino vya Mwalimu Boay

"Mzoea visigino haoni njia." Hayo ndiyo maneno ambayo mwalimu wa riadha aliwatupia wanafunzi wake asubuhi ile kwenye njia panda ya Endasaboro. Kisha akawasha pikipiki yake na kuwaacha vijana wanane wajitafutie wenyewe njia ya kurudi shuleni. Walirudi wamechelewa, wamelowa umande mpaka magotini, na wamenuna. Wakaenda moja kwa moja jikoni kwa Bibi Sabina, mpishi wa shule, kumshtaki mwalimu wao.

"Bibi, hata kutuelekeza hakutuelekeza! Anatupigia methali tu. Imetoka wapi methali yenyewe?"

Bibi Sabina alikuwa mtu wa maneno makali na vikombe vilivyojaa. Aliendelea kukoroga uji mpaka ukatokota vizuri, ndipo akauweka mwiko pembeni.

"Imetoka hapahapa jikoni," alisema. "Kaeni kwenye magunia. Si hilo wewe, hilo lina tundu, utanimwagia maharage. Haya. Methali hii ilianza hivi."

Alikuwepo hapa Mbulu mwalimu mmoja aliyeitwa Boay. Ujanani alikuwa mkimbiaji, tena si wa kubahatisha, ila hakuwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, akaenda mashindanoni peke yake, akirudi ameshinda hapana wa kumpokea, akirudi ameshindwa hapana wa kumwambia alipokosea. Mwisho akachoka, akaacha. Alipopata ualimu akaapa kwamba mtoto atakayemfundisha yeye hatakuwa peke yake hata hatua moja. Kiapo kizuri, eti? Ngojeni.

Mtoto akampata. Paskalina. Ndiyo, Paskalina wangu, binti yangu wa kumzaa, msitazamane. Alikuwa na miaka kumi na minne, miguu mirefu, na woga. Weee, woga gani ule! Akiulizwa jina darasani anatazama sakafu. Nikimtuma chumvi dukani anarudi mikono mitupu kwa sababu ameshindwa kusema "naomba chumvi". Lakini siku ya michezo Boay alimwona akikimbia, akasahau hata kubonyeza saa. Tatizo lilikuwa moja tu. Akifika njia panda anasimama, anageuka nyuma, anangoja kuambiwa.

Boay akaona dawa anayo.

"Paskalina," alimwambia, "usitazame watu, usisikilize kelele. Wewe tazama visigino vyangu. Nikienda, nenda. Nikikata kona, kata. Mimi nipo mbele, huwezi kupotea."

Wakaanza hivyo. Kila asubuhi mwalimu mbele, mtoto nyuma, kupanda mlima na kushuka mpaka darajani. Na sitadanganya, mtoto alibadilika. Alianza kusalimia watu sokoni. Alianza kucheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Siku moja mgeni alimwuliza yeye ni nani, akajibu, "Mimi ni mkimbiaji," nami nilikuwa nachambua mchele nikashindwa kuendelea kwa furaha. Nikasema michezo imenizalia mtoto mwingine. Nilimwombea Boay kwa Mungu kila Jumapili.

Mwaka wa tatu binti akamzidi pumzi. Sasa hapo, nyinyi wenye akili, mwalimu angefanya nini? Si angempisha apite? Boay hakumpisha. Alikwenda kuazima baiskeli. Akawa anapiga pedali mbele, mtoto anakimbia nyuma, anatazama visigino vikipanda na kushuka.

Wiki moja Boay alilala na malaria. Akamtumia ujumbe akimbie mwenyewe njia ileile ya kila siku, ile aliyoipita mara mia na zaidi. Paskalina alifika njia panda ya Endasaboro, akasimama, akarudi. Akaenda kukaa mlangoni kwa mwalimu.

"Mbona umerudi mapema?" Boay aliuliza kutoka kitandani.

"Sikukuona, Mwalimu."

Boay alicheka. Baadaye aliniambia mwenyewe, na hili ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba siku ile alifurahi. Alikuwa anatetemeka kwa homa, lakini moyoni aliona utamu kwamba kuna mtu hapa duniani asiyeweza kwenda bila yeye. Onyo lilimkalia mlangoni, naye akalipatia chai likanywa, likaenda zake.

Basi yakaja mashindano ya Babati, kilomita kumi, wasichana. Mshindi angepata nafasi katika shule ya michezo, asome huko na afundishwe huko. Nafasi ilikuwa moja, na mwisho wa umri ni miaka kumi na saba, ambayo Paskalina alikuwa nayo. Mume wangu, marehemu mzee Tluway, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwita binti akamwambia, "Nakupa safari moja. Ukishinda, nenda. Ukishindwa, utakwenda Mang'ola kwa shangazi yako, kwenye mashamba ya vitunguu." Mimi nilikuwepo. Nilitazama moto, nikasukuma kuni.

Asubuhi ya mashindano waamuzi waliwaita walimu wote wakawaeleza utaratibu. Wasichana wataongozwa na kijana wa fulana ya njano, kazi yake kuweka mwendo. Wakimbiaji humwita sungura. Sungura atakwenda nao kilomita saba tu. Akifika kwenye mashine ya kusaga atakata kushoto, atoke, kazi yake imekwisha. Wasichana waendelee na barabara kubwa. "Kila mwalimu amwambie mtoto wake," walisisitiza.

Boay alimkuta Paskalina anafunga kamba za raba, anafungua, anafunga tena, fundo halishiki.

"Mwalimu, utakuwa mbele?"

"Leo siruhusiwi, binti yangu."

Akaona macho ya mtoto yanazima. Ule woga wa zamani ukarudi wote, ule wa dukani na chumvi. Boay akashtuka, akasema upesi, "Lakini yupo kijana wa fulana ya njano. Visigino vyake ndivyo visigino vyangu. Vifuate."

Paskalina akainama tena kwenye kamba. Fundo likashika. Boay akafungua kinywa amwambie na lile lililobaki, la kilomita saba na mashine ya kusaga. Akalifikiria. Akajiambia, nikimwambia sasa kwamba atabakia peke yake, atavunjika kabla hajaanza. Ngoja atulie kwanza. Filimbi ikapigwa, wasichana wakaitwa mstarini, na neno likabaki mdomoni kwa Boay.

Alikwenda kusimama uwanjani mahali pa kumalizia. Kipaza sauti kilikuwa kinaleta habari za njiani. Kilomita tatu, namba kumi na tisa yupo mbele na sungura. Hiyo kumi na tisa ndiyo Paskalina. Kilomita tano, namba kumi na tisa amewaacha wenzake. Kilomita saba kasoro kidogo, namba kumi na tisa peke yake na sungura, wa pili haonekani hata kwa darubini! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Boay aliruka kama mtoto, akamkumbatia askari asiyemjua.

Ndipo kipaza sauti kikanyamaza kidogo. Kiliporudi kilikuwa kinataja namba nyingine.

Msichana wa kwanza akaingia getini. Si yeye. Wa pili si yeye. Boay alihesabu mpaka wa mwisho, mtoto mmoja mnene aliyekuwa anatembea na kulia. Kisha akatoka mbio barabarani, akirudi nyuma kwa njia yao, mpaka akafika kwenye mashine ya kusaga.

Kijana wa fulana ya njano alikuwa amekaa kwenye jiwe anavaa sweta. Pembeni yake alikuwa amesimama Paskalina, hatua mbili nyuma yake, jasho limemkaukia usoni, anamtazama miguu.

"Mzee, huyu ni wako?" kijana aliuliza. "Nimemwambia arudi barabarani mpaka nimechoka. Anangoja niinuke."

"Paskalina!" Boay alipiga ukelele. "Hukuwaona watu wa bendera wanaoonyesha njia? Hukuwasikia wakikuita?"

"Niliwasikia, Mwalimu."

"Sasa?"

"Ulisema nisisikilize kelele."

Boay aligeuka akaitazama barabara.

"Alikata kona, nikakata," Paskalina alisema. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kwa adabu, kama anayeuliza hesabu darasani. "Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Boay alikaa chini, palepale kwenye vumbi la pumba. Aliniambia kwamba alitaka kusema "hukukosea", na alitaka kusema "nilikosea mimi", na lolote kati ya hayo lingekuwa kweli, lakini aliishia kuchorachora vumbi kwa kidole. Kijana wa sweta akawaonea aibu, akaondoka. Na mnajua mtoto wangu alifanya nini? Alipiga hatua mbili kumfuata. Kisha akakumbuka, akasimama.

Boay aliwapigia waamuzi magoti. Kweli kabisa, magoti, mbele za watu. Wakamwambia wanasikitika, ila nafasi ni ya aliyefika kwanza, na walimu wote walielezwa. Neno hilo "walielezwa" Paskalina alilisikia. Alimgeukia mwalimu wake, akamtazama usoni. Kwa miaka mitatu, pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni badala ya visiginoni. Jioni mume wangu aliwapokea stendi. Hakugomba. Alisema tu, "Safari ilikuwa moja," akambebea mfuko wake mpaka nyumbani. Alhamisi yake binti akapanda gari la Mang'ola.

Boay hakulala. Mwezi wa pili baada ya hapo alijikaza, akamfuata. Alimkuta katikati ya matuta ya vitunguu, kwenye mstari wa wapalizi, nyuma ya mwanamke mwingine, anapalilia anapopalilia yule na kuinuka anapoinuka yule.

"Yapo mashindano mengine, Paskalina," alimwambia. "Ya watu wazima. Hayana mambo ya umri. Miguu bado unayo. Twende."

Paskalina alijifuta mikono kwenye kanga. "Nani atakuwa mbele?"

"Hakuna. Utakuwa mbele wewe."

Alitikisa kichwa, taratibu, bila hasira. "Kwaheri, Mwalimu. Salamu kwa mama." Akarudi kwenye mstari, kwa sababu yule mwanamke alikuwa ameshasogea.

Boay aliniletea salamu hizo hapa jikoni. Alikaa kwenye gunia, hapo ulipokaa wewe, akanieleza yote, kuanzia kiapo chake mpaka lile neno lililobaki mdomoni. Nilimsikiliza, na sitawaficha, nilitamani kummwagia uji wa moto. Lakini ningemmwagiaje? Na mimi si nilitazama moto baba yake aliposema safari ni moja? Mwalimu mkuu akaingia kumwambia kuna watoto wengine wamejiandikisha, wanamngoja uwanjani. Boay akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Watafutie mtu mwingine," alisema. "Mimi nilidhani namtia mtoto ujasiri, kumbe nilikuwa namwazima wangu, na siku ya siku nikaondoka nao. Nilimwonyesha visigino miaka mitatu, njia sikumwonyesha hata siku moja. Mzoea visigino haoni njia."

Akatoka. Mwalimu mkuu aliyarudia maneno hayo kwa walimu, walimu wakayarudia kwa wazazi, na leo hata mama anayemfunza binti yake kusuka mkeka huyasema. Wengi wao hawajui kwamba yana mwenyewe.

Bibi Sabina alikomea hapo. Uji ulikuwa umeanza kushika chini, akauinua mwiko akakoroga. Vijana walikuwa hawanuni tena. Mmoja wao, msichana, aliuliza polepole, "Na yeye yuko wapi sasa, Bibi?"

"Mang'ola. Mwaka wa kumi na tisa huu. Ananitumia vitunguu, hivi mnavyokula kwenye maharage." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi. "Nilimwambia arudi nyumbani. Anasema atakuja siku akipata mtu wa kuja naye."

Akawajazia vikombe, kimoja kimoja, mpaka ukingoni.

"Kwa hiyo mwalimu wenu akiwaacha njia panda, msije kuninunia hapa. Mimi mwanangu hakupotea hata mara moja akiwa na miaka kumi na minne. Laiti angepotea. Laiti asubuhi moja tu angerudi hapa mlangoni amechelewa, amelowa umande, amekasirika kama nyinyi, ananiambia, 'Mama, leo nimeachwa.' Kunyweni. Mzoea visigino haoni njia."