Ndoo Aliyonyimwa Nyambu

"Ninyime ndoo, niachie ng'ombe."

Jana mlimsikia Mama Samba akisema hivyo, alipokwenda kuazima blanketi kwa jirani akaambiwa hapana, watoto wana upele. Hakununa. Alicheka, akayatamka maneno hayo, akarudi kwake mikono mitupu. Nanyi mkabaki mnatazamana na kuulizana ndoo imeingiaje hapo, na huyo ng'ombe ni wa nani. Haya, ng'ombe alikuwa wa Nyambu na ndoo ilikuwa ya Mghoi, na msemo wenyewe ulizaliwa siku ambayo Mghoi aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Kaeni basi. Na wewe hapo, zima hiyo simu.

Mghoi alikuwa mjane wa huku huku milimani Taita. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la mteremkoni na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe, aliyeitwa Shangazi kwa sababu alipenda kuamuru. Asipokamuliwa kwa wakati wake alipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wakajua. Ndugu wa marehemu walikaa kikao wakasema mwanamke hawezi ng'ombe wa namna ile, auzwe. Ni Nyambu peke yake, mdogo wa marehemu, aliyesimama akasema, "Mwacheni shemeji yangu na ng'ombe wake." Mghoi akajifunga kibwebwe. Miaka minne baadaye Shangazi alikuwa akijaza ndoo asubuhi na jioni, na wale wale wa kikao walikuja kuomba maziwa, bila haya hata kidogo.

Mwaka huo Mghoi akaamua kumpeleka Shangazi kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti. Alitaka wale shemeji zake wamwone akivikwa utepe mbele ya watu. Lakini maonyesho yana masharti yake, na yalikuwa yameandikwa kwenye kijitabu. Kila ng'ombe awe na hereni ya namba sikioni, awe amechanjwa, awe na cheti cha daktari wa mifugo kisichozidi siku saba. Mwenye kidonda, choa au udenda asiletwe. Kila mtu aje na ndoo yake, asiazime wala asiazimishe. Mghoi aliyasoma yote kwa sauti, maana alikuwa mtu wa kufuata mambo. Jumatatu daktari akaja, akampima Shangazi joto, akamfungua kinywa, akagonga muhuri.

Jumatano asubuhi Shangazi hakumaliza majani yake.

Kufika adhuhuri alikuwa akichapa midomo, chap, chap, kama mtu aliyeonja mchuzi wa moto, na uzi mrefu wa udenda ukining'inia. Mghoi alisimama mlangoni mwa banda akimtazama. Jina la ugonjwa alilijua, ila hakuthubutu kulitamka hata kimoyomoyo. Akaingia ndani, akakitoa cheti, akautazama muhuri. Muhuri ulisema mzima. Akajiambia labda ni majani mapya. Akajiambia labda ni joto. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji mwalimu.

Alhamisi, kabla pikapu haijafika kuwachukua, alifanya jambo ambalo mfugaji tu ndiye angelifikiria. Alimpa Shangazi bonge la magadi alambe, kisha akampaka mengine puani na midomoni. Ng'ombe aliyelamba magadi hutokwa na udenda, na hakuna anayeshangaa.

Langoni mwa uwanja wa maonyesho alisimama daktari mwenye koti jeupe na uso wa uchovu.

"Huyu mbona anadondosha udenda?"

"Magadi, daktari. Nimempa asubuhi apate nguvu ya safari."

Daktari akautazama ule weupe midomoni, akakitazama cheti, akaitazama foleni iliyokuwa imefika barabarani. "Kinywa kimefunguliwa?"

"Jumatatu, na mwenzako. Sahihi yake hiyo hapo."

Wakapita.

Mnadhani alifurahi? Ndani, chini ya paa moja, walifungwa ng'ombe arobaini, na kila mmoja alikuwa na mwenyewe. Yule alikuwa wa mwalimu mstaafu. Yule pale aliletwa na dada wawili yatima, wamemsugua mpaka anang'aa. Shangazi alipewa kizimba cha pembeni, na kizimba cha jirani kilikuwa kitupu kwa kuwa mwenyewe hakufika. Mghoi akashukuru kwa hilo, kana kwamba nafasi ile tupu ingemwosha. Kila Shangazi alipochapa midomo, Mghoi alikohoa ili sauti isisikike. Alifuta udenda kwa pindo la leso yake mpaka pindo likalowa chapachapa. Halafu akamwona Shangazi akiinua mguu mmoja, akiushusha, akiinua mwingine. Miguu nayo ilikuwa imeanza.

Hapo ndipo alipokuja Nyambu. Kizimba chake kilikuwa ng'ambo ya njia, na ndani yake alikuwa amemfunga mtamba wake, mwenye mimba yake ya kwanza, miezi saba. Nyambu hakuwa na ng'ombe mwingine. Huyo alimlea kwa chupa tangu mama yake alipokufa, na alikuwa akimwita mtoto. Ndoo yake ilipasuka wakati wa kushusha mizigo. Jua lilikuwa kali, bomba liko mbali, naye akaja akitabasamu.

"Shemeji, nipe hiyo ndoo. Yangu imenipasukia, na mtoto wangu ana kiu."

Ndoo ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kinywani mwa Shangazi. Ukingoni, uzi wa udenda ulikuwa bado unang'aa. Mghoi aliuona, Nyambu hakuuona.

Mawazo yakamjia mbiombio. Akimpa, nani atajua? Waamuzi wanakuja saa nane. Mtamba akija kuugua wiki ijayo, itasemwa ni upepo tu, na kweli ugonjwa ule hupeperuka na upepo pia. Kumpa kulikuwa rahisi. Kumnyima ndiko kungeleta maswali.

"Hapana," akasema.

Nyambu akacheka, akidhani ni utani wa shemeji. "Acha mzaha, mama. Jua linamchoma mwenzio."

"Nimesema sikupi. Masharti yanakataza kuazimana."

"Masharti! Tangu lini masharti yakamnyima mnyama maji?" Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mghoi, nilisimama mbele ya ndugu zangu kwa ajili yako. Leo unaninyima ndoo?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu aolewe. Watu wakageuka. Mama mmoja akasema, "Mpe jamani, ni maji tu." Mwingine akasema, "Uchoyo huo utamzika." Mpe, mpe, wakaitikia pande zote. Nyambu akanyoosha mkono, akaushika mpini. Mghoi hakuuachia. Wakavutana, watu wazima wawili, mbele ya halaiki, na maji yakaanza kumwagika miguuni mwao.

"Usimpelekee!" Mghoi akapiga ukelele. "Shangazi anaumwa! Ana ugonjwa wa miguu na midomo. Nilijua tangu jana. Nilimpaka magadi."

Nyambu aliachia mpini, akavitazama viganja vyake vilivyolowa, kisha akamtazama mtamba aliyekuwa akinyoosha shingo kumngojea. Hakumwendea. Alisimama pale pale katikati ya njia, mikono ameitenga na mwili, akiita kwa sauti ya kilio, "Sabuni! Nileteeni sabuni, nisimguse!"

Daktari alikuja mbio. Alipoufungua mdomo wa Shangazi na kumshika ulimi, ngozi ya ulimi ilibanduka ikabaki mkononi mwake. Lango likafungwa saa ile ile. Utepe haukutolewa kwa ng'ombe yeyote. Ikatangazwa karantini ya siku ishirini na moja, ng'ombe asitoke wala asiingie, na wenyewe wakalala hapo hapo karibu na mifugo yao. Matusi aliyotukanwa Mghoi siamini kama yanafaa kwa masikio yenu.

Wiki ya kwanza waliugua saba, wote wa upande wa Shangazi. Siku ya tisa Mghoi akaletewa habari kutoka nyumbani kwamba ndama wa Shangazi, aliyeachwa zizini, amekufa. Ugonjwa ule wakubwa huwachosha, wachanga huwaua, na mwenye mimba huitoa, pengine akafa nayo. Hakuruhusiwa kwenda hata kumfukia. Alilia peke yake, kwani hakuna aliyemsogelea, na yeye hakutegemea asogelewe.

Lakini mateso yake makubwa yalikuwa asubuhi. Kila kulipokucha Nyambu alimfungua mtamba wake kinywa, akainama, akauchungulia ulimi. Hakuwa akisema na Mghoi hata salamu. Basi Mghoi alikaa ng'ambo ya njia akiutazama uso wa shemeji yake ili ajue. Uso ukilegea, alipumua. Uso ukikawia kuinuka, alisimama ili aone vizuri. Asubuhi ishirini na moja alizipita hivyo, akiomba Mungu amwadhibu kwa lingine lolote, si kwa hili.

Siku ya mwisho daktari alimpima mtamba, akamgusa tumbo, akaandika: mzima, na mimba ipo.

Nje ya lango jamaa walikuwa wamejaa kupokea mifugo yao. Nyambu alitoka akimwongoza mtamba, na Mghoi akatoka nyuma yake, mbali, amejitanda leso mpaka machoni. Kaka mkubwa wa Nyambu, mmoja wa wale wa kikao, akamnyooshea kidole.

"Si ndiye huyo uliyemtetea? Mwanamke wa kukunyima ndoo mbele za watu!"

Nyambu akasimama. Alikuwa amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kumleta ng'ombe mgonjwa alikosea," akasema, "na hilo sijamsamehe. Nitamsamehe siku nitakayoweza. Lakini ndoo usiitaje, kaka. Watu wema walijaa siku ile, wote wakisema mpe, mpe. Angewasikiliza, leo ningetoka hapa na kamba tupu."

Kisha akageuka nyuma, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akasema naye.

"Shemeji, hata kesho nikija, nikikasirika, nikikutukana mbele ya watu, shika hapo hapo. Ninyime ndoo, niachie ng'ombe."