Bomba Chini ya Magimbi

Bomba livujalo halishibi. Mmerudi na methali hiyo kutoka mkutanoni mnaicheza mdomoni kama pipi, na wewe Eliamini umeshamrushia dada yako, eti anamaliza sukari. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Naetwe, endelea kuchambua hayo maharage, unasikia kwa masikio, si kwa vidole. Methali hii hatukuirithi kwa wahenga. Ilizaliwa hapa hapa Mrindi, nami nilikuwepo, tena ilianzia shambani kwangu.

Miaka hiyo maji yalikuwa bondeni na sisi tulikuwa huku juu, kama mnavyotuona. Tulipata pampu yenye injini ndogo ya dizeli, na mtaro wa bomba tukauchimba wenyewe kwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Bomba likapanda kutoka mtoni, likapita chini ya shamba langu la kwenye mteremko, likafika kwenye tangi lililo juu ya zahanati. Injini ilinguruma saa tatu tu, tangi likajaa. Pipa moja la dizeli lilitufikisha mwisho wa mwezi.

Mwangalizi wa pampu alikuwa Msifuni, mtu mpole, mwenye tabia ya kuchora mistari ya mkaa ukutani, mstari mmoja kwa kila saa ambayo injini imefanya kazi. Mwaka wa nne mistari ikaanza kuongezeka. Ikawa minne kwa siku, ikawa sita, na tangi halijai. Watu wakasema injini imezeeka. Msifuni akasema injini ni nzima, maji ndiyo hayafiki.

Mimi nilijua yalikokwenda. Katikati ya shamba langu palikuwa pamelowa hata kiangazi, na magimbi yalikuwa yamenenepa mpaka majirani wakaja kuomba mbegu. Nilikuwa mjane, na magimbi yale ndiyo yaliyonilisha mimi na wanangu, Namkunda na baba yenu aliyekuwa bado mdogo. Nikajiambia Mungu amenikumbuka. Uongo huo niliupenda sana.

Msifuni alifuata bomba kwa miguu mpaka akafika kwangu.

"Mama Namkunda, maji yanapotea hapa. Niruhusu nipige pembe. Asubuhi moja tu, tunafukua, tunaziba, tunafukia."

"Na magimbi yangu?"

"Yaliyo juu ya bomba yatang'oka. Mengine yatabaki."

"Msifuni, mimi sina mume. Mungu amenipa chemchemi, wewe unataka kuifunga?"

Akatazama chini. "Si chemchemi, mama. Ni dizeli yetu hiyo inamwagika."

Nikamwambia aende zake. Kwa desturi ya Mrindi, jembe la msaragambo haliingii shamba la mtu mpaka mwenye shamba apige la kwanza. Sikupiga, naye hakuweza kunilazimisha. Alilipeleka suala kwenye mkutano, lakini nani alitaka kusikia habari za kuchimba? Wazee waliamua iombwe injini kubwa. Ilipoletwa tuliipokea kwa vigelegele, na cha kwangu kilikuwa cha juu kuliko vyote. Kinywa hiki hiki.

Injini kubwa ilisukuma kweli. Wiki ya kwanza tangi lilijaa, watu wakamcheka Msifuni. Wiki ya pili likafika nusu. Kumbe kadiri ilivyosukuma ndivyo ufa ulivyopanuka, na ardhi ya mteremko ikanywa zaidi. Pipa la dizeli la mwezi mzima likaisha siku ya kumi na mbili. Tukaomba la pili, nalo likaisha upesi vilevile. Baada ya hapo pampu ikanyamaza, na wanawake wakarudi kwenye njia ya mtoni, ile inayopita chini ya shamba langu.

Asubuhi moja Namkunda alichukua ndoo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameshaposwa. Akaniambia, "Mama, nikirudi nitasonga ugali, usiwashe moto." Mimi nilikuwa napalilia magimbi.

Nyinyi mmeambiwa shangazi yenu alikufa kwa mvua. Mwaka ule hakukuwa na mvua. Ukingo wa shamba langu ulikuwa umeloweshwa na lile bomba miezi na miezi, na siku hiyo ulikatika ukaiangukia njia.

Pembe ikalia. Kila nyumba ilitoa jembe, hata wazee waliodai migongo inauma walikuja mbio. Walipofika walisimama. Udongo ulikuwa wa kwangu, magimbi yamesimama juu yake bado mabichi, na desturi ni desturi. Walikuwa wananingojea mimi. Nikachukua jembe nikapiga la kwanza, na mwanangu yuko chini.

Tulimpata kabla ya saa sita, hana uhai. Juu yake, pale ardhi ilipokatika, bomba lilikuwa nje. Ufa wake haukuzidi urefu wa kidole. Msifuni aliufunga kwa mpira wa tyubu na waya, kazi isiyochukua muda wa kuchemsha chai. Kisha akateremka, akaiwasha ile injini ndogo ya zamani kwa dizeli iliyobaki kwenye kopo. Baada ya saa tatu tangi lilikuwa limejaa pomoni. Maji hayo ndiyo tuliyomwoshea Namkunda.

Jioni Msifuni alikuja msibani akaketi karibu nami. Nikamuuliza, "Injini kubwa ilishindwaje, na hii ndogo imeweza?"

Alikuwa analia. Akasema, "Mama, bomba livujalo halishibi."

Hakunisuta. Angenisuta ningepata wa kugombana naye. Waliokuwepo waliyasikia maneno yale, wakaondoka nayo, na sasa yamefika kwenu kama methali. Sijawahi kumkataza mtu kuyatumia. Tulililisha bomba lile injini kubwa, likameza. Tukalilisha mapipa mawili ya dizeli, likameza. Mwisho nikalilisha mwanangu. Bomba livujalo halishibi.