Koti la Msomaji

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo niwasimulie yaliyompata mzee mmoja wa kanisa.

Mzee huyu alikuwa katika usharika wa tambarare, kule ambako saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali. Kazi yake ilikuwa kupanga wasomaji wa Neno kila Jumapili, na kazi hiyo ilimtia huzuni, maana wasomaji hawakupatikana. Miaka sita alitangaza kwamba anayetaka kusoma amwone, na miaka sita walisoma watu walewale watatu: yeye, mwalimu mstaafu na karani wa kata. Mzee akaona waumini wamepoa. Akawaombea.

Jumamosi moja mkewe alikuwa akilipiga pasi koti lake zito la kijivu, jasho likimtiririka. Akamuuliza kwa upole, "Baba Tumsifu, hivi ni nani aliyesema msomaji lazima avae koti?"

Mzee akafungua kinywa kujibu, akakosa jina la kutaja. Akachukua kitabu cha taratibu za usharika, akakipekua mwanzo hadi mwisho. Habari za koti hazikuwamo. Lakini kila alipojaribu kukumbuka mtu aliyewahi kusoma bila koti, hakumpata. Basi akaamua kujaribu.

Kesho yake akaenda na shati la mikono mifupi. Niwaambie kweli, mzee yule aliogopa. Njiani alitaka kurudi nyumbani mara mbili. Alipoitwa kusoma alijihisi kama anatembea kifua wazi, akawa anangoja minong'ono. Bibi mmoja akakohoa, basi. Upepo wa dirishani ukampuliza mikononi, akasoma bila haraka, hata akayasikia mwenyewe maneno aliyokuwa akiwasomea wenzake.

Je, mnadhani mambo yaliishia hapo?

Baada ya ibada alifuatwa na fundi mwashi mmoja, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyekaa benchi la nyuma tangu ujana wake. Akamwamkia shikamoo, akasimama akitazama chini. Mwishowe akauliza kama mzee alikuwa amesahau koti.

"Sikulisahau," mzee akasema. "Nimeliacha."

"Kwani inaruhusiwa?"

"Sijaona palipokatazwa."

Fundi akainua macho. "Mzee, mimi kila Jumamosi jioni huwasomea wanangu masomo ya kesho yake. Nasimama kabisa, nasoma kwa sauti. Nilikuwa najizoeza, ili siku nikipata koti nije kukuona."

Miaka sita mzee alimwomba Mungu msomaji, na miaka hiyo yote msomaji alikuwa benchi la nyuma. Aliyemzuia ni yeye mwenyewe, kwa vazi lake, bila kutamka neno.

Wiki iliyofuata fundi akasoma, amevaa shati safi lililopauka mabegani. Sauti yake ilifika hadi nje walikokuwa watoto. Kabla ya mwezi kwisha wasomaji walikuwa kumi na mmoja, na mzee akakaa chini kusikiliza, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata aliposoma yeye.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisemi koti ni dhambi. Mimi hapa nimelivaa. Nauliza tu: yule mama asiyekuja Jumapili ya kwaya kwa sababu hana kitenge cha sare, ni nani aliyemwambia asije? Hakuna. Na kwa kuwa hakuna, hajui amwendee nani kuuliza. Sheria iliyoandikwa unaweza kuibishia. Isiyoandikwa unaitii tu, ukidhani imetoka kwa Mungu.

Basi tusimngoje aliye nyuma aijaribu, maana yeye akiijaribu ataaibika. Aanze yule ambaye akikosea, watu watasema amesahau. Nasi tulioketi mbele tunajijua.